Kikohozi cha Wiki Mbili Hakitibiwi kwa Vitamini

Ndugu zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe,

Siku hizi mtu akikohoa hakosi jirani wa kumwambia akanunue vidonge vya vitamini D. Ushauri huo una chembe ya ukweli, na ndiyo maana unatuponza.

Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walionyesha kuwa seli za kinga huhitaji vitamini D ili zitengeneze kemikali inayoua bakteria wa kifua kikuu (TB). Lakini huko Mongolia, watoto wa shule zaidi ya 8,000 waligawanywa, nusu wakapewa vitamini D kila wiki kwa miaka 3, nusu vidonge vitupu. Matokeo yalitoka 2020: walioambukizwa walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kidonge cha duka hakizuii TB, wala hakiitibu.

Vitamini hiyo ngozi huitengeneza yenyewe kwa jua, na jua Mombasa halina uhaba. Ila nani analipata? Si mama anayeshinda na mtoto mchanga katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, dirisha limetazamana na ukuta wa jirani na limezibwa kwa kuogopa mbu na wezi. Si kijana wa zamu ya usiku kwenye magodauni ya Changamwe, anayelala mchana kutwa. Na chumba kama hicho ndicho TB inachokitaka. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huelea hewani kwa saa kadhaa. Upepo ukipita hutawanyika, jua likiingia hufa.

Kwa hiyo wenye nyumba, tunawasihi: kabla ya kuongeza chumba kingine uani, acheni nafasi ya dirisha, na mtie wavu wa mbu ili mpangaji athubutu kulifungua. Makondakta, madirisha ya matatu yafunguliwe hata abiria wakinung'unika.

Kubwa zaidi ni kupimwa. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikadiria kuwa Kenya ilikuwa na wagonjwa 558 wa TB katika kila watu wazima 100,000, na kwamba takriban asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa hawafikiwi na huduma. Hao tunalala nao, tunapanda nao feri. Wengi wa waliokutwa na TB katika utafiti huo hawakuwa na virusi vya Ukimwi, basi tuache kumnyooshea mtu kidole kwa kuwa anakohoa na amekonda. Aibu hiyo ndiyo inayomficha ndani mpaka awaambukize wanawe.

Maimamu na wachungaji, semeni hivi Ijumaa na Jumapili: kikohozi kikipita wiki mbili, peleka makohozi yakapimwe. Dawa ni bure katika hospitali za serikali, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Wengi hupata nafuu mwezi wa pili wakaziacha, na hapo ugonjwa hurudi, pengine ukiwa sugu. Waajiri, msimfukuze kibarua aliyeanza dawa. Akizimeza sawasawa hukoma kuambukiza mapema, na akikosa chakula atazikatiza.

Machi 24 ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Tusiingoje. Wiki hii kila mtaa uketi na wazee wake na wahudumu wa afya ya jamii, wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anakohoa, na asiye na nauli achangiwe afike hospitali.