Msimu wa Mturuki na Hesabu ya Jioni



Miongoni mwa majina ambayo vijana wa hapa Misungwi huyataja siku hizi, ukiacha ya wachezaji wa mpira, limo moja gumu kutamka: Toprak Razgatlıoğlu. Huyu ni Mturuki, Muislamu, mzaliwa wa Alanya mwaka 1996, na kazi yake ni kushindana kwa pikipiki. Vijana humwona katika simu akisimama juu ya gurudumu la mbele, la nyuma likiwa hewani, nao hufurahi kwamba ni ndugu yao katika dini. Hatuwalaumu kwa furaha hiyo. Lakini wanachokijua ni dakika moja tu ya mtu huyo. Twapenda kuwasimulia wazazi msimu wake mzima wa mwaka 2024, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo simu haikulionyesha, nalo latuhusu sisi wenye nyumba kuliko linavyowahusu vijana.

Mashindano yenyewe huitwa Superbike ya dunia, na yalianza mwaka 1988. Pikipiki zake ni za aina ziuzwazo madukani, kisha hutengenezwa upya kwa ajili ya mbio. Injini yake ni ya cc 1000, ilhali bodaboda zetu nyingi ni za cc 125 au 150. Mwaka 2024 palikuwa na vituo 12, kuanzia Australia mwezi Februari hadi Hispania mwezi Oktoba, na kila kituo kilikuwa na mbio tatu: moja Jumamosi na mbili Jumapili. Mshindi wa mbio ndefu hupata alama 25, na wa ile fupi ya Jumapili alama 12. Atakayekuwa na alama nyingi mwisho wa mwaka ndiye bingwa. Basi ubingwa si wa aliyeruka siku moja watu wakashangilia, bali wa aliyefika salama mara nyingi.

Toprak alikwisha kuwa bingwa mwaka 2021 kwa pikipiki ya Yamaha, akaukatiza utawala wa Jonathan Rea aliyeshika ubingwa miaka sita mfululizo. Mwaka 2024 akahamia BMW, ambao hawakuwa wamepata kutoa bingwa hata mmoja katika mashindano hayo. Wako waliomwona kama mtu aliyeacha nyumba ya mawe akaenda kulala kibandani. Mwezi Machi akashinda Barcelona. Kisha, kuanzia Assen kule Uholanzi, akapita Misano, Donington, Most na Portimão akishinda mbio 13 mfululizo, jambo ambalo hapana aliyewahi kulifanya kabla yake.

Mwezi Septemba wakafika Magny-Cours, Ufaransa. Siku ya Ijumaa, katika mazoezi tu, akaanguka kwa kishindo. Hewa ikavuja ndani ya kifua, nje ya pafu. Madaktari wa mashindano wakatoa neno lao: huyu hafai kupanda. Akazikosa mbio tatu za hapo, na majuma mawili baadaye akazikosa tatu nyingine Cremona, Italia. Wakati huo wote Nicolò Bulega wa Ducati alikuwa akiokota alama, na akiba ya Toprak ikipungua.

Hapa twamwomba msomaji atulie kidogo. Mtu huyu alikuwa akiongoza dunia nzima. Kiwanda kikubwa kilikuwa kimemtumainia kwa mali nyingi. Hata hivyo neno la daktari lilimweka chini, wala hapana mwenye mali aliyeweza kulivuka. Alirudi Aragon mwishoni mwa Septemba, na mwezi Oktoba, huko Jerez, akatwaa ubingwa, wa kwanza kwa BMW. Mwaka 2025 akautwaa tena.

Sasa na tutazame kijiweni kwetu. Kijana akianguka pale Usagara, kifundo cha mkono kikavimba, ni nani mwenye amri ya kumwambia asipande kesho? Daktari hayupo. Mama yake atasema, naye hatasikia, kwa sababu jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake. Siku mbili zikipita bila hesabu, pikipiki hupewa mwingine, na mkataba wa mwaka mzima ukapotea. Kwa hiyo hufunga kitambaa na kupanda, akishika breki kwa vidole viwili.

Na mwenye pikipiki ni nani? Mara nyingi ni sisi wasomaji wa kurasa hizi: mwalimu, mwenye duka, mjane aliyeitia mirathi yake katika pikipiki moja. Hatusemi kwamba mjane huyo ni mkosa kudai hesabu. Ndiyo unga wa wanawe. Lakini yafaa tujue kwamba tunapomhimiza mgonjwa apande, tunafanya jambo ambalo tajiri wa Ulaya hakuruhusiwa kulifanya kwa bingwa wake.

Yako na mengine. Katika njia ya mbio wote huelekea upande mmoja. Hapana lori linalokuja wala ng'ombe anayevuka. Pembeni humwagwa changarawe za kumpokea anayetoka njiani. Bendera ya manjano ikipepea, ni marufuku kumpita mwenzako. Katika mashindano makubwa zaidi, MotoGP, tangu mwaka 2018 ni lazima nguo ya mpanda iwe na mfuko unaojaa hewa anapoanguka. Kwetu kofia ngumu huning'inia kwenye usukani mpaka trafiki aonekane, mkanda wake haufungwi, na abiria wawili hupangwa nyuma kama mshikaki. Tangu Juni 2025 tuna daraja la Kigongo hadi Busisi, kiasi cha kilomita tatu juu ya maji, nasi twamshukuru Mungu kwa kutuondolea adha ya kungoja kivuko. Ila njia iliyonyooka namna ile humshawishi kijana kupita kiasi.

Pamoja na ulinzi wote huo wa Ulaya, mauti hayakuzuiwa. Arif, baba yake Toprak, naye hodari wa kwenda kwa gurudumu moja, alifariki katika ajali ya pikipiki mwaka 2017, asiuone ubingwa wa mwanawe. Mlezi wake katika mbio, Kenan Sofuoğlu, bingwa mara tano wa daraja la Supersport, alimzika ndugu yake Sinan aliyekufa katika mazoezi mwaka 2008.

Kwa msimu wa 2026 Toprak amehamia MotoGP kwa pikipiki ya Yamaha, na vijana watamfuata huko katika simu zao. Wazazi wakae nao watazame, na wawaulize habari za Magny-Cours. Na mwenye pikipiki atakayeandika mkataba mpya mwezi huu, twamwomba aongeze mstari mmoja: siku za ugonjwa zisidaiwe hesabu, bali ziongezwe mwisho wa mkataba. Uandikwe mbele ya mashahidi wawili, na kijana apewe nakala yake.