Wanatuambia Tupatane na Leta



Mtu akiishitaki Leta, mara nyingi mwamuzi hakati neno upesi. Anawaambia wote wawili: endeni kwanza mkapatane. Shauri hili si baya. Hata baba zetu walikaa pamoja kumaliza maneno. Lakini tunauliza: kupatana mpaka siku gani?

Tazameni kesi ya inchi yetu. Mwaka 1999 Kongo ilishitaki Leta ya Uganda mbele ya Korti ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye. Tarehe 19 Desemba 2005 waamuzi walisema wazi: askari wa Uganda waliua watu wetu, wakanyang'anya zahabu na almasi yetu, na Uganda inapaswa kulipa. Kiasi gani? Hapo korti ikasema Leta mbili zipatane zenyewe. Zikishindwa, korti itakata. Siku ya mwisho haikuweka.

Na mwenye deni asiyepewa siku, haraka ya nini? Wakakaa, wakazungumza, wakaagana, karibu miaka 10. Mwezi wa Mei 2015 Kongo ikarudi kortini mikono mitupu. Neno lilikatwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325. Ndani yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu, 40 mali iliyoharibiwa, 60 utajiri wa udongo na misitu. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya miliari 11! Waamuzi waliona ushahidi hautoshi. Ni ajabu? Miaka ikipita, karatasi zinapotea na mashahidi wanakufa. (Leta yetu nayo ilikuwa na wakati wa kuzikusanya, tusifichane.)

Mwezi wa Juni 2000 askari wa Uganda na wa Rwanda walipigana siku 6 katikati ya Kisangani. Mama aliyefiwa na mtoto siku zile hakuitwa kwenye meza ya mapatano. Alingoja miaka 21 kusikia hesabu.

Kwa hiyo mfanyakazi anayeidai Leta, akiambiwa apatane, asikatae. Lakini amwombe mwamuzi aandike siku ya mwisho katika karatasi, na yeye aliyeumia akae mezani mwenyewe. Korti ya La Haye, mara ya pili, iliandika: dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Septemba 2022, na faida ya asilimia 6 juu ya deni likichelewa. Mwezi uleule Uganda ililipa fungu la kwanza.