Tuanze na Maji

Makala zote za toleo hili zinahusu chenga za makaa ya mawe, zile punje zisizofika nusu milimita zinazobaki mtambo wa kuosha ukishatenga vipande vikubwa. Ukimuuliza mhandisi namna ya kuzisafisha, atakujibu: kwa povu. Ni kweli, lakini jibu hilo linaishia njiani.

Povu lenyewe ni sayansi ya kupendeza. Makaa huyakimbia maji, udongo huyapenda. Tia dizeli kidogo kwenye tope, puliza hewa, na punje za makaa zitashikamana na viputo zipande juu, udongo wenye kuleta majivu ubaki chini. Katika miaka ya 1980 Graeme Jameson, wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Australia, alibuni mtambo usiohitaji pangaboi: tope linalorushwa kwa kasi ndilo linalovuta hewa. Matatizo yapo. Pairaiti, yenye salfa, hupenda kupanda pamoja na makaa, na makaa yaliyopigwa na hewa muda mrefu hugoma kuelea. Hata hivyo, kazi ya kupunguza majivu tumeijua vya kutosha.

Ila kinachokusanywa juu ya mtambo ni uji. Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo inavyoshika maji mengi, na kila kilo ya maji inayoingia tanurini hula zaidi ya megajuli 2 za joto kabla ya kuwa mvuke. Chukua lori la tani 30 linalotoka Ngaka, wilayani Mbinga, kwenda bandari ya Mtwara. Likipakiwa chenga zenye unyevu wa asilimia 20, tani 6 ni maji, nayo yamelipiwa nauli mamia ya kilomita.

Kwa sababu kuyakamua maji hayo ni ghali, migodi mingi iliona nafuu kumwaga chenga bwawani, makaa mazuri yakiwemo. Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek, West Virginia, kingo za mabwawa ya namna hiyo zilibomoka. Watu 125 wakafa. Mwaka 2000, katika Martin County, Kentucky, tope la zaidi ya mita za ujazo milioni moja lilitoboa sakafu ya bwawa, likapita kwenye mgodi wa zamani uliokuwa chini yake na kuingia mitoni.

Kwa hiyo tumezitanguliza makala za vichujio na mashinikizo, na zile za povu zimefuata. Tunadai vivyo hivyo kwa wanaoidhinisha mitambo mipya: mwombaji aoneshe kwanza, kwa majaribio ya makaa ya mgodi wake mwenyewe, unyevu utakaobaki na mahali tope litakapolala. Asipoweza, asipewe kibali cha kujenga, hata kama majivu yake ni machache kuliko ya wenzake wote.