Umenyanyua Bodi, Difu Iko Pale Pale

Nimerudi chuo juzi usiku, vumbi la Tunduma bado liko kwenye begi. Kabla semista haijatubana nina dukuduku moja: huu mtindo wa kwetu Songwe wa kunyanyua magari ya zamani kila mtu anavyojisikia.

Mzee wangu ana Land Rover 109 Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Imebeba kahawa yetu Mbozi miaka mingi, kwa hiyo hata ada yangu imepita mle. Mwaka jana springi zilikuwa zimelala. Fundi mmoja akaongeza chuma kwenye kila springi ya nyuma, kisha mbele akachomeka vipande vya mbao kati ya springi na ekseli ili gari likae sawa. Likasimama juu kama mbuni! Vijana wa kijiweni wakashangilia, mzee akatembea kifua mbele.

Desemba tukaenda kwa shangazi Kamsamba. Ile barabara ya kutoka Mlowo ina miteremko mnaijua wenyewe. Kwenye kona moja mzee akagusa breki, kipande kimoja cha mbao kikachomoka, gari likavuta kushoto, tairi za upande mmoja zikaacha ardhi. Mama alikuwa nyuma na watoto wawili. Tulisimama ukingoni mwa korongo. Hakuna aliyeongea mpaka tumefika.

Sasa mtaniambia, "Barabara zetu mbovu, masika Momba ni tope tupu, lazima gari liwe juu." Hapo ndipo tunapojidanganya. Kwenye Land Rover hizi ekseli ni chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, na kinachogonga mawe kwanza ni difu. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye tairi. Ukinyanyua springi unanyanyua bodi tu, difu haisogei hata kidogo! Inayoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Kwa hiyo mzee alilipia urefu usiomsaidia kwenye tope.

Na hasara zipo. Mimi nasomea ualimu wa Fizikia: kitovu cha uzito kikipanda, gari linapinduka kirahisi zaidi. Propela shafti inakaa mshazari, krosi zinakufa mapema. Shokapu zinavutwa mpaka mwisho. Taa nazo zinakaa juu zaidi, usipozirekebisha unawapofusha madereva wenzako kwenye foleni ya Nakonde.

Kwa mtazamo wangu, kimo sahihi ni kile springi zilichotengenezewa. Gari likilala, rudisha springi, usiongeze mbao. Weka gari mahali tambarare, bila mzigo, tairi zikiwa na upepo sawa. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, uandike. Kumbukeni, springi za upande wa dereva zilitengenezwa zikiwa na mpindo mkubwa kidogo kuliko za upande wa pili, hivyo usizibadilishane halafu ukashangaa gari limeinama. Na bolti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, mpira wa bushi unajisokota, gari linasimama juu kwa uongo na bushi zinachanika. Tembelea siku kadhaa, springi mpya zitulie, kisha pima tena.

Mimi na kaka tulichanga, sehemu ya boom yangu ikaenda kwenye springi (ndiyo maana mtaniona nakula maharage mpaka mwisho wa mwezi, teh teh). Mzee alikasirika. "Umeenda chuo kusoma ualimu au ugereji?" Nikamwambia, shikamoo baba, nimekwenda kusoma, ndiyo maana nimeogopa.

Siku mbili hakunisemesha. Jumapili nikamkuta amechuchumaa kwenye gurudumu na futi mkononi, mama anamuandikia namba nyuma ya daftari la kahawa.

Kijiweni sasa wanasema gari letu limekuwa fupi. Sawa tu. Mama amekubali kupanda tena.

Naomba kuwasilisha.