Soksi zisile hela ya field

Haya wadau, tukienda field wengi tunapangiwa mikoani na kulala gesti wiki kadhaa. Hapo kila mtu anapiga hesabu ya chumba, msosi na nauli. Ya kufua haimo! Mimi nasema iwemo, tena iwe juu kabisa, maana ndo inayokula hela kimyakimya.

Hotelini wanahesabu nguo moja moja, sio kwa beseni. Hata soksi zina bei yake. Zidisha mara wiki sita uone, hiyo ni hela ya kula jamani.

Dawa yake ni ndogo. Beba kipande cha sabuni ya mche na kamba. Kila jioni ukienda kuoga, fua nguo ya siku hiyo tu. Ikamue, izungushie taulo kavu uikanyagekanyage, taulo linyonye maji, ndo uanike. Jinzi acha nyumbani, hasa ukipangiwa Njombe au Makete mwezi wa saba. Baridi ile haikaushi jinzi!

Halafu usianike kwenye majani. Kuna inzi anataga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake wanaingia ngozini. Piga pasi mpaka kwenye mishono.

Nguo nzito zikikushinda, mpe dada wa usafi pale gesti, ila mkubaliane bei kabla na umlipe inavyostahili. Naye anatafuta riziki kama sisi. Kubana matumizi sio kumbana yeye.

Nawasilisha.