Simu za nje ya nchi: sifuri inayokosesha soko na kubipu kunakomaliza salio

Mnunuzi wa vitunguu kutoka Nairobi anapomwachia mkulima wa Mang'ola, wilayani Karatu, namba yake ya simu, kwa kawaida huiandika kama anavyoitumia kwao, yaani tarakimu kumi zinazoanza na sifuri. Mkulima naye huiingiza kwenye simu jinsi ilivyo. Mavuno yakishafika na magunia kushonwa, anapiga, na anayepokea ni mtu wa Tabora au Mbeya asiyejua lolote kuhusu vitunguu. Mnunuzi wa Nairobi akisubiri bila kusikia kitu, ananunua kwa mwingine.

Chanzo cha kosa hili ni kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia namba za mkononi zinazofanana kwa urefu na hata kwa mwanzo. Namba inayoanza na 0754, kwa mfano, inapatikana katika nchi zote tatu. Kinachozitofautisha ni msimbo wa nchi tu: 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya na 256 kwa Uganda. Rwanda ni 250, Burundi 257, Kongo 243 na Zambia 260. Namba sahihi huanza na alama ya kujumlisha, kisha msimbo wa nchi, kisha namba ya mteja bila ile sifuri ya mbele. Hivyo 0754 ya Kenya, ikipigwa kutoka Arusha, huanza +254 754.

Sifuri hiyo ndiyo inayowachanganya wengi, na lawama nyingine ni ya wanaochapisha kadi za biashara na mabango yenye maandishi ya mtindo wa +255 (0) 7. Sifuri iliyo kwenye mabano ni ya mtu aliye ndani ya nchi. Aliye nje akiipiga, simu haiendi. Ni afadhali mabano hayo yafutwe kabisa.

Alama ya kujumlisha nayo si pambo. Kila nchi ina tarakimu zake za kutokea nje. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia 000, nchi nyingi za Ulaya, Ghuba na China hutumia 00, na Marekani hutumia 011. Majirani hawa watatu walikuwa pia na njia ya mkato ya kupigiana: 005 kwenda Kenya, 006 kwenda Uganda na 007 kuja Tanzania, na wafanyabiashara wa siku nyingi bado wanazo namba za namna hiyo kwenye madaftari yao. Anayeandika alama ya kujumlisha kwenye simu ya mkononi hana haja ya kukumbuka hayo yote, maana mtandao wenyewe huweka tarakimu zinazotakiwa popote alipo. Kwa hiyo namba za wateja wote, hata wa hapa nchini, zihifadhiwe kwa alama hiyo. Siku mwenye simu akivuka Namanga au Mutukula hatalazimika kubadilisha kitu.

Kwenye kutuma fedha, kosa la namba ni la gharama zaidi. Namba ya Kenya ikiingizwa kwa tarakimu kumi kwenye huduma ya fedha ya Tanzania, huduma itaichukulia kuwa ya Mtanzania. Jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha ndilo la kusoma kwa makini, lakini ndilo ambalo watu wenye haraka hulipita.

Upande wa usalama, mtego unaowafaa zaidi matapeli katika nchi zetu ni simu inayoita mara moja na kukatika. Wajapani waliupa jina la wangiri, yaani moja na kukata, ulipoenea kwao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashine hupigia maelfu ya namba na kukata kabla hazijapokelewa. Anayepiga kurudisha huunganishwa na namba ya nje yenye gharama kubwa, na sehemu ya malipo ya kila dakika humwendea aliyeikodi namba hiyo. Ndiyo maana huwekewa muziki au sauti ya simu inayoendelea kuita ili achelewe kukata.

Ulaya mtu akiona simu ya aina hiyo hujiuliza ni nani. Huku kwetu kubipu ni lugha kamili: mteja asiye na salio hubipu, na muuzaji hupiga haraka asije akampoteza. Tapeli anavuna kwenye desturi hiyo. Kinga yake ni kutazama msimbo. Kama mfanyabiashara hana shughuli na nchi hiyo, aache. Mnunuzi wa kweli atapiga tena au ataandika ujumbe. Aangalie pia kwamba si kila namba yenye +1 ni ya Marekani au Kanada. Jamaika, kwa mfano, ni +1 876. Zinazoanza na +881 ni za setilaiti, na gharama yake ni kubwa mno.

Hata namba inayofahamika haitoshi kuwa ushahidi. Simu za intaneti zinaweza kuonyesha namba yoyote aitakayo mpigaji, na wapo wanaopitisha simu za nje kinyemela kwenye laini za ndani ili kukwepa tozo. Mpokeaji wa simu ya Dubai akaona namba ya Tanzania, na akiirudia hampati aliyempigia. Tanzania iliweka mtambo wa kusimamia mawasiliano mwaka 2013, na kuzinasa simu za aina hiyo ni miongoni mwa kazi zake. Mnunuzi akidai amebadilisha namba au akaunti, apigiwe kwa namba yake ya zamani kabla ya senti kutumwa. Namba za matapeli hupokewa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Wanaoishi mpakani wana tatizo lao la peke yao. Simu iliyoko Namanga, Holili au Sirari inaweza kushika mnara wa upande wa pili na kutoza gharama za ugenini hali mwenyewe yuko dukani kwake. Mwaka 2014 na 2015 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kushusha gharama hizo, ila Tanzania haikuwamo mwanzoni. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia ichague yenyewe.

Yabaki masaa. Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma yetu kwa saa moja, Muscat na Dubai mbele kwa saa moja, na Guangzhou mbele kwa saa tano. Anayeagiza mashine ya kukoboa kutoka huko akisubiri hadi saa nane mchana ndipo apige, muuzaji ameshafunga.