KABURETA HUSINGIZIWA MENGI

Mtu akishtakiwa husikilizwa kwanza, ndipo ahukumiwe. Lakini kipo chombo kimoja ambacho huhukumiwa kila siku bila ya ushahidi, nacho ni kabureta ya pikipiki. Pikipiki ikikataa kuwaka, au ikizimika njiani, wa kwanza kukamatwa ni kabureta. Mwenye bisibisi huja mbio, akazungusha skrubu hii robo na ile nusu, akatoa jeti akaichokoa kwa waya, akairudisha. Ikiwaka, hajui imewaka kwa sababu gani. Isipowaka, hajui tena alianzia wapi. Maoni yangu ni kwamba desturi hii ni mbaya, na yatupasa sisi wanafunzi kuiacha mapema.

Nitatoa mfano wa pikipiki ya zamani ya Uingereza, BSA B31, kwa kuwa ni mashine nyepesi kufahamika. Ilitengenezwa Birmingham tangu 1945 mpaka 1959, nayo ina silinda moja ya sentimita za ujazo 348. Zile za miaka ya mwisho zilifungwa kabureta ya Amal iitwayo Monobloc, iliyotoka 1955. Kazi ya kabureta ni moja tu: kuchanganya petroli na hewa. Kwa uzito, sehemu 1 ya petroli yataka sehemu 15 hivi za hewa. Petroli ikizidi, plagi huwa nyeusi kwa masizi na moshi hutoka mweusi. Ikipungua, plagi huwa nyeupe, injini hupata joto mno, na pengine hukohoa kwa kurudisha moto katika kabureta.

Sasa, kabla ya kushika bisibisi, yafaa tuulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, petroli yafika? Ubavuni mwa chumba cha petroli kipo kitufe kidogo. Kibonyeze, petroli ikifurika, imefika. Isipofurika, tazama koki, bomba na chujio. Usisahau kifuniko cha tangi, maana kina tundu la kupitisha hewa. Tundu hilo likizibwa na vumbi, pikipiki huenda maili chache, huzimika, hupumzika, kisha huwaka tena kama kwamba haikuwa na neno. Fungua kifuniko, ikiwa tangi lavuta pumzi na safari yaendelea, umekwisha kumwona mkosaji, na kabureta haikuguswa.

Swali la pili: je, cheche ipo? Toa plagi, ifunge kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli iliyomwagika, halafu piga kiki. Pikipiki iwakayo vizuri asubuhi ikiwa baridi, kisha ikakataa baada ya kupata joto, mara nyingi yaugua magneto. Kondensa iliyochakaa hushindwa na joto. Mtu aweza kusafisha kabureta mara kumi, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Swali la tatu: je, hewa yaingia kwa wizi? Kabureta imefungwa kwenye injini kwa nati mbili. Gasketi iliyopo hapo ikiwa mbovu, hewa hupenya bila ya kupitia njia yake. Tia tone la oili kwenye kiungo hicho wakati injini yanguruma polepole. Mwendo ukibadilika, umepata jibu.

Majibu yote matatu yakiwa mema, hapo sasa kabureta na ishtakiwe. Lakini hata hapo twaulize: yakosa wakati gani? Paka alama ya chaki kwenye mkono wa petroli, ujue robo, nusu na robo tatu. Mkono ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo sana, yafanya kazi jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa. Kutoka thumuni mpaka robo ni mkato wa slaidi. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano na jeti yake. Kupita hapo ni jeti kubwa. Basi mtu ambaye pikipiki yake yakohoa katika nusu, naye azungusha skrubu ya hewa, ni sawa na mgonjwa wa jino anayefungwa bendeji mguuni.

Najua wako watakaosema: "Fundi mzee hahitaji haya yote, husikiliza tu, akajua." Ni kweli, nami namheshimu fundi huyo. Lakini masikio yake yamesoma miaka thelathini. Yeye huuliza maswali yale yale, ila huyauliza upesi hata sisi hatuyasikii. Sisi huiga mkono wake tusiige fikira zake, na hapo ndipo hasara huanza.

Tena hasara yenyewe si ndogo. Jeti za Amal zina namba zinazoonyesha kiasi cha petroli kinachopita. Ukiipitisha waya wa chuma tundu hupanuka, na tangu siku hiyo namba yake husema uongo. Nati zile mbili nazo, zikikazwa kwa nguvu za hasira, hupinda mwili wa kabureta, maana ni madini laini. Mwili ukipinda slaidi hukwama, na slaidi ikikwama wazi mpanda pikipiki hawezi kupunguza mwendo. Hapo si fedha ya mzazi tu inayopotea. Roho ya mtu imo hatarini.

Hata vitabu vya zamani havituondolei kazi ya kupima. Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida huwa na ethanoli mpaka asilimia 10. Ethanoli huvuta maji, huharibu mipira ya zamani, na huufanya mchanganyiko uwe na petroli pungufu kuliko zamani. Aliyeandika kitabu mwaka 1956 hakulijua jambo hilo. Jeti aliyoisifu yeye yafaa ijaribiwe upya.

Labda msomaji atasema kwamba BSA hatunayo. Lakini bodaboda nyingi zipitazo mbele ya lango la shule zina kabureta, nazo zafuata kanuni ile ile. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wetu wa Fizikia watupe kabureta kuukuu tuifungue darasani, tuone kwa macho yale tunayoyaandika ubaoni. Wazazi nao wasiwafukuze watoto penye pikipiki, bali wawape daftari kwanza, spana baadaye. Katika daftari hilo na iandikwe dalili, kisha jambo moja lililobadilishwa, kisha matokeo. Moja tu kwa wakati. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi lililoponya.

Mwenda pole hajikwai. Anayeuliza kabla ya kufungua huonekana mvivu kwa dakika kumi, lakini jioni yeye huenda nyumbani amepanda, na mwenye haraka huenda akiisukuma.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne